Mwongozo kamili: Kupanga saa ya kutangaza mkataba wa kidiplomasia bila tangazo kuyatangulia maandishi

Mazungumzo yamechukua miezi tisa. Wajumbe wamekesha, wamegombania koma, wamepatana. Kisha kazi yote inaharibikia mlangoni: waziri wa upande mmoja anaandika kwenye simu akiwa bado ndani ya lifti, upande wa pili unakanusha, na jioni redio zinasoma mikataba miwili tofauti yenye jina moja.

Maofisa habari wa wizara, wa balozi na wa asasi za usuluhishi huniuliza swali lilelile kila mara: "Tutangaze lini?" Wengi wanataka niwatajie siku ya wiki. Siku ya wiki ni jambo la mwisho kabisa. Saa ya kutangaza hupatikana kwa kuuliza mambo mawili: je, maandishi yamefungwa, na nani lazima ajue kabla ya umma? Ukiyajibu hayo, saa inajitokeza yenyewe.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

Kimoja kikikosekana, usipange saa yoyote.

- Hati moja ya mwisho yenye viambatisho vyote, katika lugha zote zitakazotumika, kila ukurasa ukiwa na herufi za majina ya wakuu wa ujumbe. Faili ya kompyuta peke yake haitoshi, maana faili huzaa matoleo.
- Tamko la pamoja lisilozidi ukurasa mmoja, lililokubaliwa neno kwa neno.
- Karatasi ya saa: nani ataambiwa, ataambiwa nini, saa ngapi, na nani, kwa njia gani.
- Kalenda ya pande zote: uchaguzi, vikao vya bunge, kesi zilizoko mahakamani, sikukuu, kumbukumbu za misiba.
- Tamko la dharura la sentensi tatu, kwa ajili ya siku ambayo habari itavuja.
- Mtu mmoja kila upande mwenye mamlaka ya kusema "toa" au "ngoja". Mmoja, si kamati, na awe na simu anayoipokea usiku wa manane.

## Hatua ya 1: Kipe kitu jina lake halisi

Kuna ngazi nne, na kila moja ni habari tofauti: pande zimekubaliana kanuni, pande zimemaliza kuandika mkataba, mkataba umetiwa saini, mkataba umeanza kutumika. Ofisi nyingi huitangaza ngazi ya kwanza kwa maneno ya ngazi ya nne.

Chukua Kinshasa na Kigali mwaka 2025. Tamko la kanuni lilitiwa saini Washington tarehe 25 Aprili. Mawaziri wa mambo ya nje, Thérèse Kayikwamba Wagner na Olivier Nduhungirehe, walitia saini mkataba tarehe 27 Juni. Marais nao wakaketi Washington tarehe 4 Desemba. Mtu wa Uvira, mashariki mwa Kongo, aliyekuwa akifuatilia redio alisikia neno "amani" mara tatu katika mwaka mmoja, na siku chache baada ya sherehe ya tatu wapiganaji wa kundi la waasi la M23 wakaingia mjini kwake. M23 hawakuwa wametia saini mkataba wa Washington. Mazungumzo yao na serikali ya Kongo yalikuwa Doha. Hilo lilipaswa kuwa sentensi ya pili ya kila tangazo, na mara nyingi halikusikika kabisa.

Kwa hiyo andika sentensi mbili kabla ya jambo jingine lolote. Ya kwanza iseme kilichotokea leo. Ya pili iseme ambacho bado hakijatokea, na nani hayumo.

Onyo: futa neno "kihistoria". Historia itajisemea.

Utajua umefaulu pale mtangazaji wa redio ya kijamii anapoweza kuzisoma sentensi hizo mbili bila kukupigia simu.

## Hatua ya 2: Saa ya kutangaza ijadiliwe mezani, kama kifungu

Wajumbe hupenda kusema, "Hilo waachieni watu wa habari." Hapana. Nani atasema kwanza ni suala la madaraka kama lilivyo suala la mipaka au la fedha, na lisipojadiliwa mezani litajadiliwa hadharani.

Februari 2008, Kofi Annan aliwahamisha wajumbe wa serikali ya Kenya na wa ODM, chama cha Raila Odinga, kutoka Nairobi hadi Kilaguni, ndani ya Tsavo, ili wazungumze mbali na kamera. Wazo zuri. Lakini siku zilezile aliwaeleza wabunge kuhusu serikali ya mpito na uchaguzi mpya baada ya miaka miwili, na Martha Karua, aliyekuwa mstari wa mbele upande wa serikali, akapinga kwamba hilo halijakubaliwa. Ikiwa msuluhishi wa uzito wa Annan aliweza kuteleza hapo, wewe usijiamini.

Weka kifungu kifupi kwenye kanuni za mazungumzo tangu siku ya kwanza. Mfano:

> Hakuna upande utakaotoa maandishi au maelezo ya makubaliano haya kabla ya saa na tarehe zitakazoafikiwa kwa maandishi. Pande zote zitatoa kwa wakati mmoja hati kamili pamoja na viambatisho. Habari ikivuja kabla ya hapo, msuluhishi peke yake atatoa Tamko la Dharura.

Hapo hujamfunga mtu mdomo milele. Umempa ofisa habari kitu cha kumwonyesha waziri wake anapotaka kukimbilia kamera.

## Hatua ya 3: Funga maandishi kabla ya kufungua mdomo

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo tukae kidogo.

Tarehe 2 Aprili 2015, Iran na mataifa sita yalitangaza mjini Lausanne kwamba yamekubaliana mfumo wa mkataba wa nyuklia. Tamko la pamoja lililosomwa lilikuwa fupi. Ikulu ya Marekani ikatoa karatasi yake ndefu ya maelezo, Iran ikatoa muhtasari wake, na karatasi hizo hazikufanana kuhusu vikwazo vitaondolewa lini na kwa kasi gani. Mohammad Javad Zarif, waziri wa mambo ya nje wa Iran wakati huo, alilalamika mtandaoni muda mfupi tu baada ya kutoka chumbani. Miezi mitatu iliyofuata, kila upande ulikuwa ukijitetea nyumbani kwa karatasi yake.

Mfano mbaya zaidi uko karibu nasi. Tarehe 1 Januari 2024, Abiy Ahmed wa Ethiopia na Muse Bihi Abdi wa Somaliland, eneo lililojitangazia kujitenga na Somalia, walitia saini hati ya makubaliano mjini Addis Ababa kuhusu njia ya Ethiopia kufika baharini. Hati haikuchapishwa. Muse Bihi alisema Ethiopia itaitambua Somaliland. Taarifa ya serikali ya Ethiopia siku mbili baadaye ilizungumzia kulifanyia tathmini suala hilo. Kati ya "kutambua" na "kutathmini" kuna bahari nzima. Mogadishu haikusubiri: tarehe 2 Januari baraza la mawaziri lilikutana kwa dharura, balozi akaitwa nyumbani, na tarehe 6 Rais Hassan Sheikh Mohamud akatia saini sheria ya kuibatilisha hati ambayo umma haukuwa umeiona. Ilichukua hadi Desemba ya mwaka huo, Ankara, kwa Ethiopia na Somalia kuketi na kutoa tamko la kupoza mambo.

Maandishi yakikosekana, kila msemaji anakuwa mkataba.

Namna ya kufunga. Chapisha nakala moja. Wakuu wa ujumbe waweke herufi za majina yao kila ukurasa, viambatisho vikiwemo. Barua za pembeni nazo zifungwe siku hiyohiyo. Makubaliano ya Camp David kati ya Misri na Israel, Septemba 1978, yalitiwa saini Ikulu ya Marekani Jumapili usiku huku suala la kusimamisha ujenzi wa makazi ya walowezi likiwa limeachwa kwenye barua ya kuja baadaye. Rais Carter wa Marekani alielewa kwamba ujenzi utasimama muda wote wa mazungumzo yaliyofuata; Begin, waziri mkuu wa Israel, alisema ni miezi mitatu. Barua ya siku inayofuata ni mkataba wa siku inayofuata.

Lugha. Kama hati itasomwa kwa Kiswahili, mfasiri aketi na mwanasheria, si baada ya mwanasheria. "Kusimamisha mapigano" na "kukomesha mapigano" si kitu kimoja: la kwanza ni gari limesimama na injini inaunguruma, la pili ni ufunguo umetolewa. "Majeshi yataondoka" na "majeshi yataondolewa" nayo yana mabishano ndani yake, maana la pili linaleta swali: na nani? Nimewahi kuona wajumbe wakikubaliana kwa Kiingereza saa 5 usiku, wakagombana upya kwa Kiswahili alfajiri, na ugomvi wa alfajiri ndio uliokuwa wa kweli.

Utajua umefaulu pale ukimpa mwanasheria wa kila upande hati hiyo aisome kwa sauti kwa simu, naye hasiti mahali popote.

## Hatua ya 4: Soma kalenda za watu wote, si yako tu

Andika tarehe unayoitaka katikati ya karatasi. Kisha jaribu kuiua.

*Uchaguzi.* Uingereza na Mauritius zilitangaza makubaliano ya kisiasa kuhusu visiwa vya Chagos tarehe 3 Oktoba 2024, huku Mauritius ikielekea kwenye kura ya tarehe 10 Novemba. Waziri mkuu Pravind Jugnauth akashindwa vibaya, Navin Ramgoolam akaingia, na mazungumzo yakafunguliwa tena. Saini ilikuja tarehe 22 Mei 2025. Ukitangaza mkataba ambao haujatiwa saini wiki chache kabla ya kura, umemkabidhi mpinzani ajenda.

*Mahakama.* Hiyo tarehe 22 Mei nayo ilikuwa na kisa chake. Usiku wa manane jaji mjini London alitoa zuio, sherehe ya asubuhi ikakwama, na ni baada ya zuio kuondolewa mchana ndipo saini ikatiwa. Waliokuwa na ratiba moja tu waliumbuka. Panga saa ya pili, na umweke mwanasheria karibu.

*Bunge.* Sheria ya Marekani ya mwaka 2015 ililipa Bunge siku 30 za kuupitia mkataba wa Iran ikiwa ungewasilishwa kufikia tarehe 9 Julai, na siku 60 ikiwa ungechelewa zaidi ya hapo. Mkataba ulikamilika Vienna tarehe 14. Siku tano ziliongeza mwezi mzima wa mashambulizi ya kisiasa. Hata hivyo wajumbe walifanya vema kutosaini hati isiyoiva kwa kukimbizana na saa, na mimi ningefanya vilevile.

Kwetu, Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba ya Tanzania inalipa Bunge kazi ya kuridhia mikataba inayohitaji kuridhiwa, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2012. Tatizo ni kipindi cha kimya kati ya saini na bunge. Makubaliano ya bandari kati ya Tanzania na Dubai yalitiwa saini tarehe 25 Oktoba 2022 na kuridhiwa Dodoma tarehe 10 Juni 2023. Wananchi wengi waliyaona kwa mara ya kwanza kwenye simu zao, kurasa zilizopigwa picha zikirushwa kundi hadi kundi, kabla ya mtu yeyote wa serikali kuketi kuwaeleza. Uwe unayaunga mkono au unayapinga, kwa upande wa kazi yetu somo ni lile: miezi saba ya kimya huwa haibaki kimya.

*Muda wa kusoma.* Kama kutakuwa na kura ya maoni, siku pekee hazitoshi. Hati lazima iwafikie watu. Ireland ya Kaskazini ilikuwa na siku 42 kati ya makubaliano ya tarehe 10 Aprili 1998 na kura, na nakala ilipelekwa kila nyumba. Waliosema ndiyo walikuwa zaidi ya asilimia 71. Colombia ilikuwa na siku 39 kati ya tangazo la Havana la amani na waasi wa FARC la tarehe 24 Agosti 2016 na kura ya tarehe 2 Oktoba, na hati ya kurasa 297. Hapana ilishinda kwa chini ya nusu ya asilimia. Sababu zilikuwa nyingi, sitaki kudanganya. Lakini sherehe kubwa ya saini Cartagena ilifanywa tarehe 26 Septemba, wiki moja kabla ya kura, na mtu akiona karamu imeliwa kabla hajaulizwa kama anaitaka harusi, hukasirika.

*Wageni wa heshima.* Arusha, 28 Agosti 2000, mkataba wa amani ya Burundi: Mandela alikuwepo, Clinton alikuwepo, na tarehe haikuweza tena kusogea. Baadhi ya vyama vya Burundi havikutia saini siku ile, vikafuata wiki zilizofuata, na makundi makubwa ya wapiganaji hayakuwemo kabisa. Nisikilize: usimwalike rais wa nchi nyingine mpaka hatua ya 3 imekamilika. Ndege yake ikishapangiwa ratiba, ni yeye anayeongoza mazungumzo yako.

## Hatua ya 5: Anza na saa sifuri, rudi nyuma

Saa sifuri ni dakika ambayo hati inawekwa hadharani. Usihesabu kwenda mbele kutoka leo. Orodhesha wote watakaoumia wakilisikia jambo hili redioni, kisha uwapange kurudi nyuma kutoka hapo.

Septemba 2021, Australia, Uingereza na Marekani zilitangaza ushirika wa nyambizi. Ufaransa, iliyokuwa na mkataba wa kuiuzia Australia nyambizi 12, ilijulishwa saa chache tu kabla. Tarehe 17 Septemba iliwaita nyumbani mabalozi wake wa Washington na Canberra, jambo zito sana kati ya marafiki. Kupoteza biashara kungeuma kwa vyovyote. Kilichoongeza moto ni saa zile chache.

Mpangilio ninaoutumia, kwa mkataba wa kawaida wa amani au wa mpaka:

1. Saa 48 kabla: wakuu wa majeshi na makamanda wa mstari wa mbele. Hawa hupewa vifungu vinavyowahusu tu, kwa mdomo, na mtu wanayemtii.
2. Saa 24 kabla: viongozi wa bunge na wa upinzani. Ana kwa ana. Hawatafurahi, lakini hawatasema hawakuambiwa.
3. Saa 12 kabla: nchi jirani na yeyote anayepoteza kitu. Waziri kwa waziri, si ofisa kwa ofisa, na asiambiwe kwa ujumbe wa simu.
4. Saa 3 kabla: familia za wafungwa, mateka au waliouawa. Mtu aende nyumbani kwao. Hakuna kisingizio hapa.
5. Saa 2 kabla: wahariri na wanasheria wachache, katika chumba kimoja, simu zikiwa zimekusanywa mlangoni, na hati kamili mkononi. Wanasoma, wanauliza, hawatoki.
6. Saa sifuri.

Kadiri unavyoongeza masaa ndivyo heshima inavyoongezeka, na ndivyo siri inavyopungua. Ukilazimika kuchagua kati ya kumkosea jirani na kuvujishiwa na jirani, chagua kuvujishiwa. Habari iliyovuja saa 12 mapema husahaulika ndani ya wiki.

Onyo: usiwape kundi la 3 hati yenyewe. Waeleze, wasomee kifungu kinachowagusa, ondoka na karatasi yako.

## Hatua ya 6: Andika saa ili isisomwe vibaya

Msiniambie hili ni dogo. Niliwahi kuandaa taarifa ya ujumbe mmoja, nikaandika juu yake: "Isichapishwe kabla ya saa 4." Nilimaanisha saa 4 asubuhi, yaani 10:00. Mwenzetu aliyezoea saa za Kifaransa aliisoma kama 04:00. Nilipoamka kuswali alfajiri, simu ilikuwa imejaa. Hati ilikuwa imeshatembea, na waziri mmoja alipata habari kutoka kwa dereva wake.

Tangu hapo naandika hivi, kwenye kila ukurasa:

> Isichapishwe kabla ya saa 9:00 alasiri Nairobi (15:00), saa 8:00 mchana Kigali na Goma (14:00), saa 7:00 mchana Kinshasa (13:00), saa 10:00 alasiri Muscat (16:00). Alhamisi.

Taja siku kwa jina, taja saa kwa hesabu zote mbili, taja mji. Ukishughulika na Addis Ababa kumbuka kwamba wao nao huanza kuhesabu saa kwenye mapambazuko kama sisi, na wana kalenda yao. Washington husogeza saa mara mbili kwa mwaka; angalia kila mara.

Sasa ndipo tunapofika kwenye siku ya wiki. Kwa wasikilizaji wa Afrika Mashariki napenda Jumanne hadi Alhamisi, saa 9 alasiri. Taarifa ya habari ya Kiswahili kwenye runinga za Kenya ni saa 1 jioni, ya Tanzania saa 2 usiku. Mhariri anapata masaa manne au matano ya kusoma na kumtafuta mtu wa kujibu. Ukitoa saa 12:30 jioni, atasoma kichwa tu. Epuka Ijumaa kati ya saa 6 na 8 mchana, watu wako msikitini. Ijumaa usiku ni saa ya wanaoficha, na waandishi wanaijua.

## Hatua ya 7: Jiandae kuvuja, maana kutavuja

Makubaliano ya Oslo yalitiwa saini za awali kwa siri usiku wa kuamkia 20 Agosti 1993. Kabla mwezi haujaisha magazeti yalikuwa nayo. Waisraeli na Wapalestina hawakukimbilia kukanusha. Walitumia siku zilizobaki kumaliza barua za kutambuana, tarehe 9 Septemba, ndipo wakaja kwenye nyasi za White House tarehe 13.

Fanya hivyohivyo. Habari ikivuja:

- Usikanushe kilicho kweli. Kukanusha kunakupa masaa 10 na kunakugharimu jina.
- Msuluhishi atoe Tamko la Dharura: mazungumzo yapo, hakuna hati itakayojadiliwa hadharani kabla haijakamilika, hati kamili itatolewa kwa wote kwa pamoja.
- Pima kilichovuja. Ikiwa ni uvumi, shika ratiba. Ikiwa ni hati halisi yenye kurasa, iwahishe saa sifuri, toa hati nzima. Kipande kinaua kuliko kizima.
- Wapigie simu watu wa hatua ya 5 waliobaki, kwa kufuata mpangilio uleule, dakika 10 kila mmoja.

Usipoteze usiku ukimsaka aliyevujisha. Kesho yupo.

## Hatua ya 8: Saa sifuri

Midomo miwili, dakika moja. Tarehe 17 Desemba 2014, Barack Obama na Raúl Castro walizungumza na mataifa yao kwa wakati mmoja, saa 6 mchana, baada ya mwaka mmoja na nusu wa mazungumzo ya siri kati ya Marekani na Cuba. Asubuhi ile Alan Gross, Mmarekani aliyekuwa amefungwa Cuba, alikuwa ameshaachiliwa. Kitu kinachoonekana kilitangulia, maneno yakafuata. Tarehe 10 Machi 2023, Saudi Arabia, Iran na China nazo zilitoa tamko moja la nchi tatu kutoka Beijing, lenye muda ndani yake: balozi zifunguliwe katika kipindi kisichozidi miezi miwili. Hakuna aliyepata nafasi ya kutoa toleo lake kwanza. (Ilikuwa Ijumaa, najua.)

Harambee House, 28 Februari 2008: Kibaki na Raila walitia saini kwenye meza iliyowekwa nje, mbele ya kamera, Annan na Jakaya Kikwete wakiwa pale. Hati ilikuwa fupi, na ndani yake mlikuwa na muswada wa sheria uliokuwa tayari kupelekwa bungeni. Wakenya walioshuhudia kwenye runinga za vioski walijua kitakachofuata.

Siku yenyewe: weka hati kwenye tovuti dakika tano kabla, ikiwa imefichwa, mtu wa "toa" wa kila upande aseme neno hilo kwenye simu ya pamoja, fungua, ndipo wazungumzaji waanze. Hati ikichelewa, wazungumzaji wasubiri, hata kama kamera ziko hewani. Mwache mtangazaji aeleze hali ya hewa.

Utajua umefaulu pale swali la kwanza la mwandishi linapotaja namba ya kifungu.

## Hatua ya 9: Linda pengo kati ya tangazo na utekelezaji

Usimamishaji wa mapigano Gaza ulitangazwa Doha tarehe 15 Januari 2025. Donald Trump alikuwa ameshauandika mtandaoni kabla ya wasuluhishi. Ulipaswa kuanza Jumapili tarehe 19, saa 2:30 asubuhi. Katika siku zile za kati mashambulizi yaliendelea na watu waliendelea kufa, baadhi yao wakiwa wameshashangilia. Jumapili yenyewe ulichelewa hadi saa 5:15, kwa sababu orodha ya majina ya mateka wa kuachiliwa haikuwa imefika.

Kwa hiyo, kwa mkataba wowote wenye bunduki ndani yake:

- Fupisha pengo kadiri makamanda wanavyoweza kufikiwa, si kadiri sherehe inavyotaka.
- Kila orodha na kila ramani inayotakiwa siku ya kwanza iwe mkononi mwa msuluhishi *kabla* ya saa sifuri.
- Tangazo litaje saa ya kuanza kwa sauti, mara mbili, na liwaambie raia wasirudi nyumbani kabla ya saa hiyo.

Pengo la kisiasa ni refu zaidi, na lenyewe linahitaji tarehe. Kenya ilipitisha sheria tarehe 18 Machi 2008, lakini baraza la mawaziri liliapishwa tarehe 17 Aprili, kwa sababu mgawanyo wa wizara ulikuwa umeachwa nje ya hati. Ulichokiacha nje, kiweke kwenye kalenda ya umma, ukitaja nani anatakiwa akimalize na kabla ya lini.

## Asubuhi ya siku ya pili

Linganisha hati iliyo kwenye tovuti za pande zote, ukurasa kwa ukurasa. Nimewahi kukuta kiambatisho kimoja kimesahaulika upande mmoja, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Mashine ya kuskani ilikuwa imemeza karatasi.

Kisha, mkataba ukishaanza kutumika, ofisa sheria aandae barua ya kuusajili Umoja wa Mataifa chini ya Ibara ya 102 ya Mkataba wa umoja huo. Usiposajiliwa, hakuna upande utakaoweza kuutegemea mbele ya chombo chochote cha Umoja wa Mataifa. Nakala yenye wino halisi iende kwenye kabati la chuma, na jina la aliyeipokea, tarehe na saa viandikwe kwenye daftari. Kwa hesabu zote mbili.